Landrova ya Kumleta Padri

Jumapili, 13 Oktoba

Naanza. Mwanangu Reverien, ambaye sasa ni shemasi na mwezi wa kwanza anapewa upadri huko Kasulu, ameniomba niandike mambo ya nyumbani mpaka siku hiyo ifike, maana yeye yuko mbali na hayaoni. Amesema mwandiko wangu ni mzuri kuliko wa mapadri wengi. Hilo ni kweli. Nilimaliza darasa la saba hapa hapa Murungu, na mkaguzi aliyekuja mwaka ule alilionyesha daftari langu kwa darasa zima. Sikuendelea, lakini nimemzaa aliyeendelea.

Leo baada ya misa imekaa kamati ya mapokezi. Mwenyekiti ni Mzee Kipriani, mwenye duka la mabati na misumari, mtu anayependa sana kusikiliza sauti yake mwenyewe. Akatangaza kwamba padri mpya atatoka Kasulu kuja nyumbani ndani ya gari la mpwa wake, jeupe, jipya, lenye kiyoyozi. Hapo mume wangu Laurent akasimama. Yeye si msemaji, tangu nimeolewa naye mimi ndiye ninayesema kwa niaba ya nyumba nzima. Lakini alisimama akasema, "Huyu mtoto nilimpeleka seminari kwa landrova yangu, na nitamrudisha kwa landrova yangu." Akakaa. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga kigelegele ambacho nadhani walikisikia mpaka Kibondo mjini.

Kipriani akakohoa. Akasema hana neno, ila gari lile linavuja oili kila mahali, na msafara wa padri hauwezi kusimama njiani watu wakitafuta kopo. Mwisho wakaamua hivi: wiki moja kabla ya siku yenyewe kamati itakuja kulikagua. Likiwa kavu, litaongoza msafara. Likiwa linavuja, litabaki nyumbani.

Wivu tu. Mtoto wake Kipriani alitoka seminari mwaka wa pili, akaenda kuuza simu Kasulu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mvua ya kwanza ya maana. Nimepanda mahindi kipande cha juu. Mgongo.

Jumatano, 16 Oktoba

Gari lenyewe nilieleze. Lilikuwa la shirika moja lililohudumia wakimbizi. Laurent aliliendesha tangu ana nywele nyeusi, akipeleka madaktari na maharage kambini, na shirika lilipofunga ofisi wakamwachia. Zamani lilikuwa la kijani. Anajua kila mlio wake. Linavuja juu ya injini, linavuja chini ya injini, linavuja kwenye vikombe vya magurudumu ya mbele. Ua wangu, ambao wageni wote wanausifu kwa usafi, una madoa kama ngozi ya chui.

Amefunga turubai kati ya jiko na ukuta, amelisukuma gari chini yake. Amesema ataanza juu ashuke chini, kwa sababu oili inateremka na kukudanganya; unaona pamelowa chini, kumbe imetoka juu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Amehitaji karatasi ngumu ya kukata gasketi ya kifuniko cha juu cha injini. Za dukani hazitaki, anasema ni laini kama chapati. Akachukua ukutani kalenda ya jimbo ya mwaka jana, akailaza juu ya chuma, akaigonga pembeni kwa nyundo ndogo mpaka umbo la kifuniko likatokea lenyewe kwenye karatasi. Nikamwambia, Baba Reverien, umepitisha nyundo kwenye uso wa baba askofu. Akasema basi injini itakuwa na ulinzi.

Mwalimu Ghati alicheka mpaka akakaa chini. Huyu ni mpangaji wetu wa chumba cha nje, anafundisha sekondari, katokea Tarime huko. Ni Msabato, mrefu, na maneno yake hayana mto wa kuyakalia. Mwanzoni nilimwogopa. Sasa anakula kwetu.

Nimeona kitu. Bolti ikianguka, Laurent haiangalii ilipokwenda. Anapapasa. Nimemuuliza, akasema vumbi la gasketi limemwingia machoni.

Jumapili, 20 Oktoba

Utaratibu ni huu. Jioni anatandaza boksi lililofunguliwa chini ya gari. Asubuhi, baada ya sala, anasimama mlangoni na kuniambia, "Soma." Mimi nachutama, nasoma boksi: mbele pakavu, katikati tone moja, nyuma pamelowa. Yeye anatikisa kichwa kama daktari anayeletewa majibu ya maabara. Kwa nini hachutami mwenyewe? Anasema magoti.

Jumanne, 29 Oktoba

Mbele pakavu kabisa. Askofu anafanya kazi.

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua, mvua, mvua. Maharage yanaoza miguu. Nimepalilia peke yangu kwa sababu mume wangu analala chini ya gari kutwa nzima, amevua sampu, lile bakuli kubwa la oili lililo chini ya injini, anaikwangua. Nimemkuta amelala kwenye maji yanayopita chini ya turubai, hajui kama maji yamefika kwenye shati. Nikamvuta miguu kama mtu anayevuta mbuzi. Akacheka. Kisha akakohoa.

Jumapili, 10 Novemba

Jumuiya ilisali kwangu. Nimewasomea ujumbe wa Reverien wa kwenye simu, wote, na mwingine niliurudia. Sasa wananiita Mama Padri. Nimewaambia wasiniite hivyo kabla ya wakati, lakini sikuwaambia kwa nguvu.

Alhamisi, 14 Novemba

Sampu imerudi mahali pake. Boksi: katikati pakavu, nyuma pamelowa.

Jumamosi, 23 Novemba

Laurent amemwita Habonimana kutoka mjini, fundi, mtu wa mzaha. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni. Aliingia chini ya gari, akakaa, akatoka na uso mweusi. Akasema gari hili lingekuwa ng'ombe tungelichinja, tukala, tukalisahau. Laurent akamwambia aseme ugonjwa. Habonimana akasema ni sili ya nyuma ya krenki, mpira wa kuzuia oili pale injini inapokutana na gia boksi. Kuifikia ni lazima gia boksi yote ishuke chini. Na mbaya zaidi, hapo nyuma ndipo ilipo klachi. Oili ikizidi, klachi italewa, gari lisipande mlima.

Laurent akasema hapana, ni bolti za nyuma hazijakaza sawa. Wakabishana kwa Kirundi na Kiha na kwa mikono. Habonimana wakati wa kuondoka aliniita kando akaniuliza kama mzee amekwenda kupima macho. Nikamwambia apime yake.

Jumatatu, 25 Novemba

Amekaza bolti. Nyuma pamelowa.

Jumanne, 26 Novemba

Nyuma pamelowa.

Jumatano, 27 Novemba

Amevua bolti, amepaka gundi ya silikoni, amerudisha. Nyuma pamelowa.

Jumapili, 1 Desemba

Majilio yameanza. Laurent hakwenda kanisani, ana homa, kifua kinalia kama mlango. Nimerudi kutoka misa nikamkuta yuko chini ya gari. Homa na yote. Nilikaa kwenye kinu nikaiangalia miguu yake, viatu vya mpira, vidole vimetokeza, nikachoka. Sijui kuandika uchovu huu. Si wa shamba. Uchovu wa shamba ukilala unaondoka.

Alhamisi, 5 Desemba

Asubuhi alisimama mlangoni na blanketi begani. "Soma."

Nikachutama. Boksi lilikuwa na doa la ukubwa wa sahani.

Nikasema, "Pakavu."

Alisimama kidogo. "Kote?" Nikasema kote. Akashusha pumzi, akarudi ndani, akalala mpaka saa sita mchana bila kukohoa sana. Mimi nililikunja boksi nikaliweka motoni. Liliwaka vizuri kuliko kuni, uji ukaiva mara moja.

Ijumaa, 6 Desemba

Pakavu, nilisema. Amekunywa uji wote.

Jumamosi, 14 Desemba

Kila siku nasema pakavu, na kila siku jiko langu linawaka vizuri. Nimeanza kuokota maboksi dukani kama mtu anayehama. Laurent ameongezeka mwili. Anakaa nje kwenye kiti, anasikiliza redio, anaimba nyimbo za Noeli kwa sauti isiyo sahihi. Homa imekwisha. Nami nimewaambia watu wote wa jumuiya kwamba landrova imepona, mume wangu ameitibu kwa mikono yake, na atakayesema vingine aje na tochi.

Kwa hili sijisikii vibaya. Nimepata mume wangu.

Jumatano, 18 Desemba

Kipriani alikuja akanikuta nachambua mchele. Hakukaa. Alizungukazunguka, akauliza hali ya mahindi, akauliza hali ya mvua, mwisho akasema taratibu, "Dada Odilia, mzee anaona?"

Nilimwambia mzee anaona vizuri sana, ila hapendi kutazama baadhi ya sura. Akavaa kofia yake akaondoka. Mwalimu Ghati alikuwa anaanika nguo, alisikia. Hakucheka. Alisema tu, "Mama, lile swali mimi mwenyewe nimelibeba tangu Oktoba." Nami sikula naye jioni ile.

Noeli

Kuku wawili. Reverien alipiga simu, alizungumza na baba yake muda mrefu. Laurent alimwambia, "Nakuja kukuchukua, mwana wanje, mwanangu. Mimi mwenyewe." Uso wake ulikuwa umegeukia ukutani kabisa, siyo kwenye simu, siyo kwangu.

Jumatano, 1 Januari

Mwaka mpya. Nimelala.

Jumamosi, 4 Januari

Nitaandika yote.

Laurent alisema leo tukalijaribu gari barabarani, twende mjini turudi, kabla ya kamati. Halikuwahi kutoka tangu Oktoba. Aliongeza oili akipima kwa kidole kwenye kile kijiti chake. Alimimina nyingi, nikashangaa. Mimi nilivaa kitenge cha jimbo, nikakaa mbele ili watu wanione. Injini iliwaka mara moja. Nilijisikia kama mke wa mkuu wa wilaya.

Tulipotoka getini akasema, "Nisimulie barabara." Nikadhani ni mchezo wa mtu mwenye furaha. Basi nikamsimulia: huyu Mama Aline anafua, hapa kuna dimbwi, hapa wamelima mpaka njiani. Akazungusha usukani kufuata maneno yangu. Nikasema tena, shimo kulia, akaenda kushoto. Nikanyamaza ili nione. Gari likaenda moja kwa moja kuelekea kwenye mashimo mengine, na mbele yake kulikuwa na bodaboda ya magunia ya mkaa, kijana anapiga honi, na Laurent hakupunguza, hakupinda, alikuwa anatabasamu. Nikashika usukani nikauvuta. Tulipita karibu sana hata gunia lilikwaruza mlango. Kijana alitutukana kwa Kiha na kwa Kiswahili. Laurent akasema, "Hawa vijana hawaangalii."

Nikaendelea kumsimulia tu, kushoto, kulia, polepole, kama mtu anayemshika mkono mtoto.

Tulivuka daraja tukaanza kupanda. Katikati ya mlima injini ikanguruma kwa nguvu zaidi, lakini gari likapunguza mwendo. Likasimama likinguruma. Halafu likaanza kurudi nyuma. Laurent alikanyaga breki, tope likateleza, tukarudi na kurudi. Kwenye kioo niliona mwanamke aliyebeba kuni, akazitupa zote akaruka kwenye migomba. Tulitumbukia mtaroni kwa nyuma na gari likalala upande kidogo, likatulia. Yule mwanamke alisimama, akakusanya kuni zake, akatuangalia, akaondoka. Mzima. Mungu alikuwa pale, sina maelezo mengine.

Mvua ilianza juu ya bati la gari. Laurent alizima injini. Akavuta hewa puani, mara moja, mara mbili.

"Klachi imelowa oili," alisema. "Mama Reverien, umekuwa ukiniambia pakavu."

Nikasema, "Nawe umekuwa ukiniambia unaona."

Tulikaa. Maji yaliingia kwenye ufa wa mlango yakanilowesha goti. Nilisubiri akasirike, maana mtu akikasirika unajua pa kushika. Hakukasirika. Alisema alijua kwamba gari linavuja. Kila siku alipima kwa kidole akiniacha nimeenda shambani, akaongeza oili kidogo kidogo. Alijua nasema uongo tangu siku ya kwanza. Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza. Akasema siku ile nilivyosema pakavu, sauti yangu ilikuwa ya mtu aliyechoka kabisa, akaona bora anipumzishe.

Yaani mimi nilikuwa nampumzisha yeye, naye ananipumzisha mimi, na katikati yetu gari linakunywa oili.

Nikamuuliza anaona nini. Akasema mwanga na kivuli. Uso wangu anaukumbuka tu, na anaukumbuka vizuri, nisihofu. Nililia hapo, na kitenge cha jimbo nikapenga nacho.

Vijana wa bodaboda ndio waliotuvuta kwa kamba.

Jumapili, 5 Januari

Nimemwomba radhi Mwalimu Ghati. Alikuwa anasahihisha madaftari. Akaniambia niketi, akanimiminia chai, akaendelea kusahihisha.

Jumatatu, 6 Januari

Habonimana amekuja na magogo na mnyororo. Laurent amemwambia mbele yangu, "Ulisema kweli kuhusu sili, na ulisema kweli kuhusu macho. Sasa tufanye la sili." Habonimana, mtu wa mzaha, hakufanya mzaha wowote kutwa nzima.

Ijumaa, 10 Januari

Gia boksi ilishushwa juzi. Ua wangu wote ni vyuma. Sili mpya aliiingiza Laurent mwenyewe, kwa vidole, taratibu, ulimi nje kama mtoto anayeandika; alisema kazi ile macho hayaingii hata yakiwa mazima. Tatizo ni sahani ya klachi, imekunywa oili. Mpya haikupatikana Kibondo wala Kasulu, na kuagiza mbali siku zimekwisha. Wameiosha kwa petroli, wakaianika, wakaisugua kwa msasa. Habonimana anasema itafika, lakini isibebeshwe watu wengi mlimani.

Jana boksi kavu. Leo boksi kavu. Kweli kavu. Nimemwita Ghati ashuhudie.

Jumapili, 12 Januari

Kamati ilikuja baada ya misa, wote, na wengine wasio kamati. Laurent alivaa koti. Kipriani alipiga magoti kwenye tope na suruali yake nzuri, akatazama chini ya gari muda mrefu. Akasimama, akasema, "Ni kavu. Neno letu ni moja. Landrova itaongoza."

Kigelegele kilikuwa tayari kooni. Lakini Laurent aliinua mkono.

"Gari halivuji," alisema. "Lakini mimi sioni. Wiki iliyopita nusura niue mtu. Sitaweza kumleta mwanangu."

Mimi ambaye huwa nina la kusema nilitazama viatu vyangu. Kipriani alivua kofia, akaenda akamshika Laurent mkono kwa mikono miwili, akakaa naye hivyo. Hakushangaa hata kidogo. Halafu nikaelewa, na uso ukaniwaka. Mtu yule alikuwa akishuku tangu Oktoba. Angeweza kusimama kanisani akasema mzee haoni, watu wangemwamini. Badala yake alisema oili. Aliisukumia lawama oili ili Laurent asiaibike. Nami nilimwita mwenye wivu katika daftari hili hili, na kwa watu wengi zaidi ya daftari.

Kipriani akasema gari la mpwa wake bado lipo. Kabla Laurent hajajibu, Mwalimu Ghati akasema kutoka mlangoni kwake kwamba yeye ana leseni, na alijifunzia kwenye lori la ng'ombe la baba yake, ambalo nalo lilikuwa zee. Landrova iende, yeye ataendesha.

Mtu mmoja akamkumbusha kwamba siku ya upadrisho ni Jumamosi, Sabato yake.

"Kumpeleka mama kwa mwanawe si kazi," Ghati alisema. "Kazi ni madaftari ya kidato cha pili."

Ijumaa, 17 Januari

Tumefunga matawi ya migomba mbele ya gari na vitenge pembeni. Tunalala mapema. Kesho.

Jumatatu, 20 Januari

Jana na juzi sikuweza kushika kalamu. Naandika sasa, miguu kwenye beseni.

Misa ya Kasulu sitaieleza, waliokuwapo walikuwapo, na wasiokuwapo nitawasimulia kwa mdomo mpaka wachoke. Nitaandika hili tu: mwanangu alilala kifudifudi sakafuni mbele ya altare, na alipoinuka alikuwa padri. Baraka yake ya kwanza alitupa sisi. Laurent alipopiga magoti aliinua mikono kutafuta kichwa cha mtoto, akasahau kuwa leo ni mtoto anayemshika yeye kichwa.

Reverien alikuwa hajui habari ya macho. Tulimwambia pale pale nje, kwenye kelele za ngoma. Alimkumbatia baba yake, na kanzu yake nyeupe ikashika oili kutoka kwenye koti la Laurent, maana alikuwa ameingia chini ya gari asubuhi "kuhakikisha". Nilitaka kuipangusa. Reverien akauzuia mkono wangu.

Ghati aliendesha. Laurent alikaa katikati, padri dirishani, mimi nyuma na watu wa kwaya waliojipakia bila kuulizwa. Kwenye lami tulikwenda vizuri, honi mbele, honi nyuma, gari jeupe la mpwa wa Kipriani likitufuata kwa adabu. Laurent alikuwa akisikiliza injini tu, akimwambia Ghati sasa badilisha, sasa achia, naye Ghati akimjibu ndiyo mzee, ndiyo mzee. Watu walisimama kando ya barabara na matawi. Nilipunga mkono hadi bega likauma.

Tulipoacha lami mvua ilikuwa imenyesha. Mlima wa mwisho kabla ya nyumbani unajulikana. Ghati aliingiza gia ndogo, tukapanda, tukafika katikati, na injini ikanguruma bila gari kwenda. Nikaijua sauti ile. Vijana waliruka chini wakaweka mawe nyuma ya magurudumu. Harufu ya klachi ilijaa. Ghati alizima, akasema hapa imekwisha, hii haipandi tena leo.

Gari jeupe halikuweza kutupita, njia ni nyembamba. Kipriani alishuka kwenye tope na suti. Nilingoja aseme padri ahamie kule, atembee tu hadi kwenye lile gari, au aende kwa miguu. Alivua koti akampa mkewe, akaenda nyuma ya landrova akaweka mikono.

Basi wakaja wote. Kwaya, akina mama wa WAWATA, vijana wa bodaboda, Habonimana. Reverien naye akashuka. Ghati akafungua mlango akamwambia Laurent, "Mzee, sogea hapa. Mimi nina mabega ya kusukuma, wewe una kifua cha kukohoa. Usukani hauhitaji nguvu."

Laurent hakusogea mara moja. Akasema, "Mwalimu, unajua hali yangu."

Reverien akasema, "Data, baba yangu, gari linakwenda mwendo wa miguu. Nitatangulia mimi."

Akaenda akasimama mbele ya boneti, kwenye njia, mvua nyepesi ikimnyeshea, na kanzu yake ile. Laurent akashika usukani. Wakasukuma wakiimba, gari likaanza kupanda kidogo kidogo, magogo yakiwekwa nyuma kila likipumzika. Mimi nilikuwa nimehamia kiti cha mbele kando yake. Nilifungua mdomo nimwambie kushoto.

"Ngoja," alisema. Alikuwa ameinamia kioo. "Kuna kitu cheupe."

Nikamwambia ni padri.

"Najua ni nani," alisema.

Reverien alipinda pale kwenye mgomba mkubwa, na Laurent akapinda. Reverien alikwepa korongo, na Laurent akalikwepa. Tukapita kwa Mama Aline, tukaingia getini, watu mia wakisukuma na kuimba, na mume wangu akalisimamisha gari mbele ya mlango wetu. Nilikaa kando yake njia yote ile, mimi Odilia, na sikumsimulia barabara hata kidogo.